Magari Waliyoyahesabu Siku ya Msiba Wako

Mama,

Nimemkomesha Lusajo. Naanza na hilo kabisa, maana nakujua, ungeanza kuniuliza habari za kuku na habari za mvua, nami ningekujibu za kuku na za mvua mpaka karatasi iishe. Kuku wazima. Mvua haijapumzika tangu tulipokuzika. Na Lusajo, yule mwanao wa kulea uliyekuwa ukimfichia kipande cha nyama chini ya ndizi ili mimi nisikione, jana alisimama mbele ya watu katika ukumbi wa shule, kichwa kimeinama, na mimi nilikuwa nimekaa mstari wa kwanza ili nimwone vizuri.

Najua umekunja uso. Kunja tu, lakini nisikilize kwanza.

Ni miezi saba sasa. Nimekaa kwenye nafasi yako sokoni, pale kwenye kona ya njia panda. Wiki za kwanza wateja walikuwa wakifika wanaangaza huku na huku kama watu waliopotea. Dereva mmoja wa fuso kutoka Dar alishuka akauliza, "Mama yuko wapi?" Nilipomwambia alikaa juu ya mikungu ya ndizi akalia, mtu mzima na kitambi chake. Nikampa chai. Bado sijaweza kuinua mkungu kwa mkono mmoja na kutaja uzito wake kama wewe. Nakosea, na Mama Subi ananicheka. Yeye ndiye mwenyekiti wa wanawake wa ndizi sasa, mahali pako. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali, na tangu akubali amekuwa mkali kukuzidi. Kaburi lako hapa nyumbani tumelijengea. Migomba ya upande wa chini imezaa vizuri, nadhani ungependa kujua hilo.

Sasa kisa chenyewe. Unalikumbuka lile shamba la chai chini ya soko, jirani na shule ya msingi, ambalo lilikuwa halichumwi tena, limegeuka msitu? Limepata mwenyewe. Mwekezaji anataka kujenga yadi ya malori: ghala la kukusanyia parachichi, sheli ya mafuta, na uwanja wa kuegesha malori yanayokwenda mpakani. Yote yaingie na kutoka kwa ile barabara yetu nyembamba inayopita katikati ya soko na shule. Ile uliyokuwa ukisimama katikati yake kila asubuhi, mwavuli umeunyoosha mbele, ukisimamisha magari ili watoto wavuke, na ole wake dereva atakayepiga honi. Hakuna aliyekutuma. Siku moja ulimsimamisha mkubwa mmoja wa serikali na msafara wake, ukamwambia, "Wewe umechelewa leo, hawa watachelewa maisha." Alicheka. Sisi ndio tulioona aibu.

Siku hizi, mji ukitaka kuruhusu kitu kama yadi hiyo, lazima kwanza ifanyike tathmini ya athari kwa mazingira. Mimi nilidhani ni wale wanaokuja kupima udongo na kuhesabu miti. Kumbe magari nayo yamo. Nimelazimika kujifunza, kwa hiyo na wewe utajifunza. Watu wanakaa barabarani siku kadhaa na kuandika kila kinachopita, robo saa kwa robo saa: pikipiki safu yake, bajaji safu yake, kirikuu, noah, fuso, semi, na waenda kwa miguu safu ya mwisho. Hiyo wanaiita hali ya sasa. Kisha wanakisia mradi utaongeza malori mangapi. Wanajumlisha. Kutoka kwenye hiyo jumla ndipo wanapopata moshi watakaovuta watoto, kelele zitakazoingia darasani, foleni, na hatari ya watu kugongwa. Kila kitu kimekaa juu ya ile hesabu ya mwanzo. Ukianza na barabara tupu, hata ukiimwagia malori utaambiwa bado ina nafasi.

Kazi hiyo ilipewa kampuni moja ya ushauri ya mjini Mbeya. Na mtaalamu wa magari katika kampuni hiyo ni Lusajo wetu.

Sikulijua hilo wakati unafariki. Nilijua tu kwamba ana kazi nzuri, ana gari, na anakupigia simu Jumapili. Nilikuwa na wivu naye kidogo, nikuambie ukweli. Nakumbuka mama yake, rafiki yako wa tangu usichana, alivyomleta kutoka Matwebe, godoro kichwani, ili asome sekondari hapa mjini. Ulimwambia, "Hapa huombi, hapa unakula." Nikahamishwa chumba changu ili yeye apate pa kusomea, nikawa nalala na wewe na magoti yako yenye ncha. Miaka minne. Siku ile matokeo yake yalipotoka ulicheza uwanjani mpaka kitenge kikakuanguka, na mbwa akakimbia nacho. Matokeo yangu mimi ulisema, "Ndaga, mwanangu, umejitahidi." Nililia jikoni kwa ajili ya hiyo ndaga, asante kavu bila kucheza. Leo nacheka, lakini siku ile nililia.

Ulifariki Jumamosi asubuhi. Desturi yetu unaijua, uliianzisha mwenyewe na kina Mama Subi: akifa mmoja wa wanawake wa ndizi, akishazikwa, soko halifunguliwi mpaka ziishe siku mbili nyingine. Mikungu inabaki migombani, na fuso zinapigiwa simu zisije. Kwako wewe walifunga hata wasiohusika. Kinyozi alifunga. Wauza nyanya walifunga. Mzee wa duka la vyombo, yule Mwislamu mliyekuwa mkitaniana naye kuhusu nguruwe, alifunga duka lake akaleta viti vyote na sufuria zake mpya kabisa, na stika zake bado ziko juu. Jumatatu tukakuzika. Jumanne, Jumatano, kimya. Tulifungua Alhamisi.

Saa saba na nusu mchana ndipo tulipopita nawe njia panda, tukitoka kanisani. Walikataa gari, wakakubeba mabegani. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Mama, magari yote yalisimama. Yale ya kutoka Mbeya na yale ya kutoka Kyela, mpaka huko juu kwenye kona. Madereva walizima injini, wakashuka, wakavua kofia. Sikusikia kitu ila miguu ya watu na wimbo. Lusajo alikuwa mbele upande wa kulia, jeneza begani, kiatu chake cha mjini kimejaa tope, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Nilimwangalia nikampenda kama ndugu wa tumbo moja. Siku hiyo nilimsamehe hata chumba.

Na pale kando, chini ya mwavuli mkubwa, walikuwepo watu wazima wawili waliovaa vikoti vya njano vinavyong'aa, mbao za kuandikia mikononi. Tulipopita walisimama. Nilidhani ni watu wa maji. Sikuwafikiria tena kwa miezi minne.

Halafu mtendaji wa kata akabandika tangazo: ripoti ya mradi iko ofisini, wananchi waje waisome na kutoa maoni. Nani ana muda wa kusoma? Mimi mwenyewe niliingia pale kwa sababu mvua ilinikuta mlangoni. Kitabu kilikuwa mezani, kinene, hakijafunguliwa na mtu, kurasa bado zinanata. Nikakifungua katikati ili nisionekane nimekuja kukaa bure. Nikakutana na picha ya njia panda yetu. Meza zetu tupu, barabara tupu, mbwa mmoja amelala katikati. Nikajiuliza, hii wameipiga lini? Chini yake kulikuwa na tarehe. Ilikuwa Jumanne ya msiba wako.

Nikarudisha kurasa nyuma. Nikakuta majedwali: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Na juu ya majedwali sentensi ambayo sasa naijua kwa moyo: "Hesabu ilijumuisha siku ya soko." Kwenye kalenda, ndiyo. Jumanne ni siku ya soko tangu wewe hujazaliwa. Wakaendelea kusema kwamba barabara hii inatumika kidogo sana, na kwamba malori yatakayoongezeka hayatakuwa na athari kubwa kwa wakazi, wala kwa shule.

Nikatafuta Jumatatu. Nikashuka na kidole mpaka saa saba na nusu. Pikipiki, sifuri. Bajaji, sifuri. Gari dogo, sifuri. Fuso, sifuri. Semi, sifuri. Robo saa nzima, mstari mzima. Mistari ya juu ina namba, mistari ya chini ina namba, wa kwako peke yake umejaa sifuri. Barabara nzima ilisimama kwa heshima yako, na wao wakaandika kwamba hakuna anayeihitaji.

Nililia pale ofisini kwa sauti. Mtendaji akadhani naumwa, akaniletea maji kwenye kikombe cha chai.

Nilimtafuta mmoja wa wale wenye vikoti vya njano. Ni mzee mstaafu wa kazi za barabara, anakaa Mpuguso, mtu mwema. Nilimkuta anapalilia magimbi. Aliponielewa aliweka jembe chini akavua kofia tena, kama siku ile. Akasema, "Mwanangu, mimi niliandika. Safu ya waenda kwa miguu niliandika, 'wengi mno, msiba.' Nilishindwa kuwahesabu watu wanaozika." Kwenye ripoti safu hiyo haipo. Wameifuta pamoja na neno lake.

Hapo ndipo nilipouliza nani alipokea fomu zile, nikaambiwa Lusajo.

Mama, sijawahi kumchukia mtu hivyo. Nilitaka kupanda gari siku hiyo hiyo niende Mbeya, nimkute ofisini mbele ya wakubwa wake, nimvue kile kiatu nimpige nacho. Alikubeba begani kulia, na mkono wake wa kushoto ukiwa umeshaweka watu barabarani wakuhesabu. Alikula ubwabwa wa msiba wako. Aliomba aongezewe. Mama Subi alinizuia kwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasonya, akasema, "Tulia we mwana. Huyu tutamla polepole."

Na kweli. Kwenye kikao cha kwanza cha kusikiliza wananchi alikuja na tai, na projekta, na maji ya chupa. Aliposema "barabara inatumika kidogo" wanawake walicheka mpaka afisa akagonga meza. Mama Subi akasimama akaeleza habari ya msiba. Lusajo hakuyumba. Akasema anasikitika sana, marehemu alikuwa kama mama yake, lakini ratiba iliwekwa kabla, na yeye mtoto wa Matwebe hakujua taratibu za wanawake wa sokoni. Alidhani soko hufungwa siku ya mazishi tu. Alirudi Mbeya Jumatatu hiyo hiyo jioni, hakuona kilichoendelea. Ni bahati mbaya. Alisema "bahati mbaya" mara tatu, na sauti yake ni nzuri, unaijua. Niliona vichwa vinaanza kutikisika kumkubalia.

Afisa aliyetumwa kuongoza kikao, mama mmoja mwenye miwani, akaamuru hesabu irudiwe siku moja ya Ijumaa, siku yetu ya pili ya soko, soko likiwa wazi. Mama Subi akasema, "Tunakubali. Lakini ahesabu yeye mwenyewe. Si watu wake. Akae pale tumwone."

Ijumaa hiyo, Mama, ungekuwepo! Hapana, afadhali hukuwepo, ungemharibia kwa huruma zako. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa kwenye kiti, fomu mapajani, mvua inamnyeshea upande mmoja. Sisi tulikuwa tumeshakubaliana. Hakuna aliyemsalimia. Unajua kwetu mtu anasalimiwa hata na adui yake, hata na mwenye kesi naye. Mtu anakutukana lakini ameanza na ugonile. Siku hiyo soko zima lilipita mbele yake kama pale hakuna kiti. Wanawake, wapakiaji, bodaboda, mzee wa vyombo. Aliwaanza yeye, "Shikamooni mama zangu," na shikamoo yake ikaanguka matopeni. Kufika saa nne alikuwa haangalii watu tena, anaangalia magurudumu tu. Fuso zilikuja zote kana kwamba tumeziita, na nyingine kweli tuliziita. Fomu zilimwishia, akaanza kuandika nyuma ya karatasi. Mchana nikapakua ndizi za kupika, mbalaga ya moto, nikaila nimeketi hatua tatu kutoka kwake. Anaipenda mbalaga kuliko kitu chochote. Nilikula taratibu.

Saa nane watoto wa darasa la kwanza walitoka. Fuso mbili zilikuwa zinapishana, moja inarudi nyuma bila mtu wa kuiongoza, na katoto ka viatu vya mvua kakaingia katikati kufuata mpira wake. Mama Subi alipiga ukelele, dereva akafunga breki. Lusajo alikuwa amesimama, fomu zote ziko chini kwenye maji. Alikaa tena, akaanza kuziokota moja moja. Aliyaona, Mama. Nataka ujue kwamba alijionea mwenyewe, na bado baada ya hapo hakuacha.

Maana tulidhani tumemaliza, kumbe bado. Kampuni yake ikaleta karatasi ya nyongeza. Wakasema sawa, namba tumezisahihisha, tutaweka matuta na vibao vya shule, mradi uendelee. Afisa akatueleza kwamba utaratibu unaruhusu: kosa la bahati mbaya linasahihishwa, kazi inaendelea. Lakini ikithibitika kwamba mtaalamu alijua barabara itakuwa tupu, na akaichagua siku kwa sababu hiyo, basi ripoti yote inatupwa, kampuni inaondolewa, na kazi inaanza upya na watu wengine, pamoja na kutazama eneo jingine nje ya mji. Jambo lote likabaki hapo. Alijua, au hakujua? Jana ndiyo ilikuwa siku ya kuamua.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sikumwambia mtu yeyote, hata Mama Subi.

Jumamosi ile uliyofariki, kama saa kumi jioni, nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha chumba chako nimeshika viatu vyako, sijui vya kazi gani. Lusajo akapiga simu. Alilia, na mimi nikalia. Halafu akauliza, "Dada Tumpe, soko mtafunga mpaka lini?" Nikamwambia tunafungua Alhamisi. Akauliza, "Kwa hiyo hata Jumanne fuso hazitakuja? Hata moja?" Nikamwambia hata moja. Nilidhani anapanga safari yake, anataka kujua kama watu watakuwepo wa kukaa nasi. Nilidhani anakuheshimu. Ndiyo hivyo, Mama. Aliniuliza, nami nikamjibu, maiti yako ikiwa bado haijaoshwa.

Siku ile nilipotajiwa jina la Lusajo, simu hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kunijia kichwani. Miezi mitatu nimeinyamazia. Nilijua ndiyo ushahidi pekee. Lakini kuitoa ni kusimama mbele ya wanawake wote na kusema kwamba mwenye mdomo ni mimi, mtoto wa mwenyekiti, na kwamba nilijua siku ile walipokuwa wanamtikisia kichwa nikakaa kimya kulinda sura yangu. Kila nilipokuwa namlaani Lusajo nililaani kwa sauti kubwa zaidi, ili nisijisikie mwenyewe. Watu waliniona mkali. Nilikuwa mwoga.

Basi jana afisa akauliza, "Kuna mtu yeyote mwenye ushahidi kwamba mtaalamu alijua?" Mama Subi akaangalia dari. Lusajo akanitazama. Alinitazama moja kwa moja, bila wasiwasi, kama tulivyokuwa tukitazamana tukivunja chungu chako na kila mmoja ana uhakika mwenzake hatasema. Alijua kwamba najua. Alijua pia kwamba nitanyamaza, maana amekulia kwetu na ananijua. Huo utulivu wake ndio ulioniinua kwenye kiti. Kama angeogopa kidogo tu, pengine ningekaa.

Nikasema yote. Saa, maneno, viatu mkononi.

Afisa akamgeukia. Angeweza kukana, Mama. Ilikuwa neno langu na neno lake, na yeye ndiye mwenye tai. Aliangalia vidole vyake. Kisha akasema, "Ni kweli. Nilimwuliza." Akaongeza, taratibu, "Akanijibu. Akanishukuru kwa kuwajali."

Nilikuwa nimelisahau hilo. Nakuapia nilikuwa nimelisahau. Lakini aliposema nilisikia sauti yangu mwenyewe ya Jumamosi ile: asante sana kaka, asante kwa kutujali. Sijui alilisema ili aniumize, au kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Liliniumiza vyovyote vile.

Ripoti imetupwa. Kampuni imeondolewa. Afisa alisema jina la Lusajo litapelekwa kwa wanaowapa wataalamu leseni, na aliyasema hayo akimtazama. Hapo ndipo alipoinamisha kichwa. Nilifurahi, Mama. Sitakudanganya kwa sababu umekufa. Nilifurahi mwili mzima, nikarudi nyumbani nikala nikashiba kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Wanawake hawakunipigia makofi. Mama Subi alinishika mkono hadi njia panda, akasema, "Ungeniambia mapema, tungemmaliza mapema," akaniacha hapo. Wawili watatu wameniuliza leo bei ya ndizi bila kuniangalia usoni. Nastahili, na nitavumilia.

Leo asubuhi amekuja mama yake Lusajo. Ametembea kutoka Matwebe kwenye mvua hii, na miguu yake ile. Nilimpokea vizuri, usiwe na wasiwasi, nilimkalisha karibu na moto, nikampa chai ya maziwa na kitenge kikavu, kile chako cha kijani. Alikaa nacho magotini muda mrefu. Hakumtetea mtu. Alisema mwanawe amerudi nyumbani, hali chakula, halali usingizi, na anaomba kitu kimoja: aruhusiwe kuja kukaa kaburini kwako kidogo, apalilie, aondoke. Hataongea na mtu.

Nikamwambia hapana.

Akasema, "Mama yako angemkubalia." Nikamwambia, ndiyo mama, najua, angemkubalia, na angempikia. Alilia, mimi sikulia. Nimemsindikiza mpaka barabarani, nikamtafutia bodaboda, nikamwambia dereva aende polepole.

Basi ndiyo maana nimekaa kuandika. Mwezi ujao wanakuja watu wengine kuhesabu upya. Nakuahidi nitakaa nao kutwa, Jumanne na Ijumaa, na mwenye msiba akipita, waandike msiba, na nitalisoma hilo neno kwa macho yangu kabla fomu haijatoka njia panda. Na geti la nyumba yako halitafunguka kwa Lusajo nikiwa hai na mwenye ufunguo. Ukiona siku zinapita na mwanao wa kulea haji, usidhani amekusahau. Angekuja leo hii akipiga magoti. Ni mimi niliyemzuia, Mama, Tumpe wako, kwa akili zangu timamu, na nimekuandikia ili usimlaumu mtu mwingine.

Kwaheri, pumzika. Na usije kunibembeleza.

Mwanao,
Tumpe